Kutoka Kanada Ndogo hadi Juba Ndogo: Nani Amehesabiwa Lewiston?

Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu kama walivyokuwa tarehe 1 Aprili. Lewiston, mji wa viwanda vya nguo ulio kando ya Mto Androscoggin katika jimbo la Maine, ulitoka na watu 35,690, na karibu asilimia 96 yao waliandikwa kuwa Wazungu. Miezi kumi baadaye, Februari 2001, familia za kwanza za Kisomali zikaingia mjini. Nyingi zilikuwa tayari zimo Marekani, katika miji mingine, zikapashana habari kwamba huko Maine kuna nyumba za bei nafuu, shule nzuri na utulivu. Kufikia Oktoba 2002 Wasomali wa Lewiston walikuwa wamepita elfu moja. Jedwali la sensa lilikuwa bado jipya kwenye makabati ya halmashauri, na tayari halikufanana na mji wenyewe.

Wapenzi wa masumbwi wanaikumbuka Lewiston kwa jambo jingine. Ni huko, tarehe 25 Mei 1965, Muhammad Ali alipomwangusha Sonny Liston raundi ya kwanza, mbele ya watazamaji 2,434 tu. Siku hiyo Mwislamu mweusi alikuwa mgeni wa usiku mmoja katika mji wa Wazungu Wakatoliki. Leo Waislamu weusi ni wenyeji wa mji huo, wana misikiti, wana maduka Mtaa wa Lisbon, na mmoja wao, Safiya Khalid, alichaguliwa diwani mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 23.

Nimeuchagua mji huu kwa sababu ya swali ambalo kila mwenye ndugu ughaibuni amelisikia au kuliuliza. Mtu anataka kuhama, anapiga simu: "Huko mliko, weusi mko wengi?" Ni swali la haki. Anayeuliza anataka kujua kama mtoto wake atakuwa peke yake darasani, kama kuna mahali pa kununua unga wa ugali, kama polisi watamsimamisha kila asubuhi akienda kazini. Basi anafungua jedwali la sensa, anatafuta safu ya "Weusi", anasoma asilimia, anaamua. Nadhani jedwali hilo linamdanganya, na linaidanganya zaidi halmashauri inayopanga bajeti kwa kulitazama.

Tuanze na takwimu za 2010, kwa sababu ndizo za kwanza kuonyesha mabadiliko. Lewiston ilikuwa na watu 36,592. Wazungu asilimia 86.6, Weusi asilimia 8.7. Ukipiga hesabu, safu hiyo ya pili ina watu zaidi ya 3,100. Kwa mji ambao miaka kumi kabla ulikuwa na weusi wa kuhesabika kwa mia chache, hilo ni tetemeko. Magazeti yaliandika hivyohivyo: Wasomali wamefika. Na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Ndani ya watu hao wamo Wamarekani weusi ambao mababu zao wako Marekani tangu kabla nchi hiyo haijawa nchi. Wamo Wasomali wa koo kubwa, wafanyabiashara wa Mogadishu, watu walioishi Dadaab, kambi ya wakimbizi nchini Kenya, kisha wakapelekwa Georgia au Ohio kabla ya kusikia habari za Maine. Wamo watu wa Djibouti. Baadaye waliongezeka Wakongo, Waangola, Warundi na Wanyarwanda. Mwezi Juni 2019 mji jirani wa Portland uliwalaza mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, kwenye uwanja wa ndani wa michezo kwa sababu hapakuwa na vyumba. Na tangu katikati ya miaka ya 2000 wamo watu ambao dunia imewapa jina la "Wabantu wa Somalia". Hao ndio nitakaokaa nao kidogo, kwa sababu historia yao inaanzia kwetu.

Katika karne ya 19 mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi. Walikuwa Wazigua, Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazaramo, Wangindo. Wazigua wengi waliondoka kwao wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1830, wengine wakilaghaiwa kwamba wanapelekwa kufanya kazi kwa muda tu. Waliofikishwa pwani ya Benadir, kusini mwa Somalia, wakatoroka, wakaingia msituni kwenye Bonde la Juba, mahali panapoitwa Gosha, wakajenga vijiji vyao. Masimulizi ya Wazigua wa Juba yanamtaja mwanamke, Wanakhucha, aliyewaongoza kutoroka kwa ndoto na ishara. Mwishoni mwa karne hiyo Gosha ilikuwa na kiongozi mashuhuri, Nassib Bundo, mtu mwenye asili ya Uyao. Hawakuwa watu wa kuhurumiwa tu; walikuwa wakulima, walikuwa na mji na silaha.

Lakini kwa Wasomali wa koo walibaki kuwa *jareer*, watu wa nywele ngumu, na walipotukanwa waliitwa watumwa. Vita vya 1991 vilipoanza walikuwa na chakula ghalani na hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda, kwa hiyo kila kundi lililopita liliwapora. Wakakimbilia Dadaab. Wengine wakapanda majahazi wakashuka Tanzania, wakarudi Uzigua kwa miguu yao wenyewe: serikali iliwaweka kambi ya Mkuyu, kisha makazi ya Chogo, wilayani Handeni, na wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Waliobaki Kenya walikubaliwa na Marekani mwaka 1999 kama kundi linaloteswa kwao, wakahamishiwa kambi ya Kakuma mwaka 2002 kwa mahojiano, na kuanzia 2003 wapatao 12,000 wakasambazwa katika miji ya Marekani. Baadhi ya familia hizo, baada ya kuhangaika huku na kule, zikafuata njia ileile ya kwenda Lewiston.

Sasa tazama walivyohesabiwa. Mwaka 2000, kwenye mkutano wa Arta nchini Djibouti, wanasiasa wa Somalia walikubaliana kugawana viti kwa utaratibu unaoitwa 4.5: koo kuu nne zinapata fungu zima kila moja, na wengine wote waliobaki, pamoja na hawa Wabantu, wanagawana nusu fungu. Nusu. Ndivyo nchi yao ilivyowapigia hesabu. Walipofika Maine walihesabiwa kuwa watu kamili, lakini kwa jina la wale waliowahesabu nusu.

Dodoso la sensa ya 2020 linaonyesha jambo hilo kwa macho. Kwenye swali la asili kuna kisanduku cha "Mweusi au Mwafrika-Mmarekani", na chini yake, kwa mara ya kwanza, mstari mtupu wa kuandika asili yako. Juu ya mstari huo wamechapa mifano sita: Mwafrika-Mmarekani, Mjamaika, Mhaiti, Mnaijeria, Mwethiopia, Msomali. Mtu mwenye haraka, aliyekimbia Somalia, asiyesoma Kiingereza vizuri, anaona neno moja tu linalomhusu. Analiandika. Bintiye aliyesoma Kakuma anaweza kubisha, lakini fomu haina nafasi ya kubishana. Kisanduku cha Wazungu nacho kina mifano yake, na miongoni mwayo yupo Mmisri. Kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi hiyo Afrika imegawanywa mahali fulani kati ya Cairo na Mogadishu, na mtu wa Gosha na mtu wa Mogadishu aliyemwita mtumwa wamekaa mstari mmoja.

Mwaka jana nilimwekea shangazi yangu video kwenye simu, nyumbani Handeni. Mwanamke mtu mzima wa Kizigua cha Juba, anayeishi Marekani, alikuwa anasimulia kilimo cha zamani. Shangazi alikuwa anachambua mchicha, akaacha mikono juu ya ungo.

"Huyu wa Kwamkono huyu?"

"Hapana, shangazi. Kazaliwa Somalia. Na mama yake, na bibi yake."

Akaniomba nirudishe nyuma. Safari hii alisikiliza kidole kikiwa juu, akikishusha kila aliposhika neno: hili nalijua, hili nalijua, hili alikuwa akilisema bibi, siku hizi halisemwi. Alipomaliza aliuliza kama mwanamke yule anajua kwao ni hapa. Nikamwambia anajua vizuri sana. Wasomali huwaita watu hao Mushunguli, na jina hilo, ukilitamka polepole, ni Mzigula yuleyule, lililopita kinywani mwa watu ambao lugha yao haina sauti ya "z". Karibu miaka 200 imepita na lugha ipo. Katika safu ya sensa mwanamke yule ni Mweusi, na mtu akitaka kujua zaidi, Msomali.

Nisije nikafanya kosa lilelile ninalolilaumu. Wabantu wengi wa Lewiston hawasemi Kizigua. Lugha yao ni Kimaay, kwa sababu walitoka vijiji vya katikati ya Juba ambako lugha za mababu zilishapotea. Hata hilo jina "Wabantu wa Somalia" lilienezwa na mashirika ya misaada miaka ya 1990, ili waweze kutajwa kwenye ripoti. Wao walijitambua kwa kijiji na kwa ukoo. Kila ukifungua kapu unakuta kapu jingine ndani.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya wasomi, mkimbizi anahitaji kazi na joto la kumvusha majira ya baridi, asili yake inamsaidia nini? Basi twende kwenye chumba cha daktari. Mama amekuja na mtoto mwenye homa. Kwenye faili lake imeandikwa "Msomali", kwa hiyo anapigiwa simu mkalimani wa Kisomali, yaani Kisomali kile kilichofanywa lugha rasmi ya maandishi mwaka 1972, cha redioni na serikalini. Mama ni wa Kimaay. Anaelewa nusu, pengine chini ya nusu, na sauti iliyo kwenye simu ni ya mtu wa ukoo ambao kijijini kwao alikuwa akiupisha njia. Je, atasema "sikuelewi"? Atatikisa kichwa, atasema ndiyo, atatoka na dawa asiyojua inyweshwe mara ngapi. Daktari ataandika kwamba mgonjwa ameelewa. Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Kuna neno moja lisilo sahihi kwenye faili, na neno hilo lilianza kwenye jedwali.

Nimesema sana habari za safu ya Weusi. Safu ya Wazungu nayo ina yake, na Lewiston ndiyo mahali pazuri pa kuyaona.

Mwaka 1874 reli iliyounganisha mji huu na Quebec ilifungua kituo, na Wakanada wa Kifaransa wakamiminika kuja kufanya kazi kwenye viwanda vya pamba. Walijazana kwenye majengo ya mbao karibu na mto, mtaa ukaitwa Petit Canada, Kanada Ndogo. Walikuwa Wakatoliki kati ya Waprotestanti, walizaa sana, walisema lugha yao, walipokea mishahara ambayo wengine waliikataa. Mwaka 1881 ripoti rasmi ya ofisi ya takwimu za kazi ya jimbo la Massachusetts iliandika kwamba Wakanada wa Kifaransa, isipokuwa wachache, ni "Wachina wa majimbo ya Mashariki". Halikuwa neno la sifa. Mwaka uliofuata Marekani ilipitisha sheria ya kuwafungia mlango Wachina wenyewe. Mwaka 1919 Maine iliweka sheria kwamba shule za umma zifundishe kwa Kiingereza tu, na watoto wa Lewiston wakaadhibiwa kwa kusema Kifaransa. Miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wanaowachukia weusi, lilipata nguvu Maine, jimbo ambalo karibu halikuwa na watu weusi. Waliolengwa walikuwa Wakatoliki wa Kifaransa.

Hao wote leo wamo ndani ya ile asilimia 86.6 ya Wazungu. Jedwali limewameza, na limemeza pia kumbukumbu ya jinsi walivyopokewa. Oktoba 2002 meya Laurier Raymond, ambaye jina lake lenyewe ni la Kifaransa, aliwaandikia Wasomali barua ya wazi akiwaomba wawaambie ndugu zao wapunguze kuja, kwa kuwa mji umefikia mwisho wa uwezo wake kifedha, kimwili na kihisia. Sitaki kumfanya meya huyo shetani. Mji maskini uliopokea watu elfu katika miezi ishirini bila msaada wa kutosha kutoka juu una haki ya kulia. Ila kila sentensi ya barua ile ingeweza kuandikiwa babu zake. Januari 2003 kikundi cha Wazungu wabaguzi kikaja kuandamana. Wakapatikana kama thelathini. Siku hiyohiyo, katika Chuo cha Bates, watu wapatao 4,500 walikusanyika kuwaunga mkono Wasomali. Naamini wengi walikwenda kwa sababu nyumbani mwao kulikuwa na hadithi ya bibi aliyechapwa kwa kusema Kifaransa. Hisia hiyo haimo kwenye safu yoyote, na pengine ndiyo iliyouokoa mji.

Kisha Kifaransa chenyewe kikarudi kwa mlango usiotarajiwa. Wazee wa Lewiston waliokuwa wamebaki na lugha ya jikoni, wasio na wa kusema naye, wamekuta Wakongo na watu wa Djibouti wanaokisema kama maji. Wapo wanaokutana kuzungumza. Jedwali la asili likiulizwa litasema hao wako pande mbili za mstari: huyu Mzungu, huyu Mweusi. Jedwali la lugha lingewaweka meza moja, na ndiko waliko.

Najua Mtanzania mwenzangu anasubiri kunikatiza. Sisi tuliacha kuuliza kabila kwenye sensa baada ya ile ya 1967, na hatujajuta. Mnyarwanda ana sababu nzito zaidi: kabila liliandikwa kwenye vitambulisho tangu miaka ya 1930 wakati wa Wabelgiji, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilitumika kuchagua wa kuuawa barabarani. Mtu aliyetoka huko akikabidhiwa fomu yenye visanduku vya asili, akisita, simlaumu. Na hata pale kuhesabu kunapofanyika kwa amani, majina hayatulii. Kenya ilihesabu Waswahili zaidi ya 110,000 mwaka 2009, na mwaka 2019 ikahesabu takriban 56,000. Hakuna aliyekufa wala kuhama kwa idadi hiyo. Watu walichagua jina jingine, au karani alichagua kwa niaba yao.

Hoja hiyo naikubali kwa nchi isiyouliza kabisa. Marekani inauliza. Imeuliza tangu sensa ya kwanza ya 1790, ilipotenga Wazungu huru na watumwa, na fedha za shule, mipaka ya majimbo ya uchaguzi na miradi ya afya vinafuata majibu. Maadam inauliza, kuuliza nusunusu ndiko kunakoumiza. Kwa mji mdogo tatizo ni kubwa zaidi: utafiti wa kila mwaka wa jamii ya Marekani, unaojazia pengo kati ya sensa na sensa, hutoa takwimu kamili za mwaka mmoja kwa maeneo yenye watu 65,000 au zaidi tu. Lewiston ina zaidi kidogo ya nusu ya hao. Inapewa wastani wa miaka mitano, kutokana na sampuli, na miaka mitano katika mji huu ni darasa zima la watoto waliofika, wakajifunza Kiingereza na kutwaa ubingwa wa soka wa jimbo, kama walivyofanya vijana wa sekondari ya Lewiston mwaka 2015.

Ningekuwa na sauti katika halmashauri ile ningeomba jambo moja dogo: kila mzazi anayeandikisha mtoto shule, kila mgonjwa anayefungua faili, aulizwe lugha anayotaka kuzungumziwa, kwa jina ambalo yeye mwenyewe huiita, na jibu liandikwe hata kama kompyuta haina msimbo wake. Kimaay kiandikwe Kimaay. Kizigua kikipatikana, kiandikwe. Hilo halimtaji mtu kabila, na linamwokoa mtoto mwenye homa.

Viwango vipya vilivyotangazwa Washington mwezi Machi 2024 viliongeza kundi la watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, kwa hiyo Mmisri ametolewa kwenye safu ya Wazungu. Chini ya Weusi yamebaki majina yaleyale sita, sasa kama visanduku vya kutia alama. Kwa Mbantu wa Juba mambo yamekuwa magumu kidogo zaidi: kutia alama ni rahisi kuliko kuandika.

Wao hawakungoja. Mwaka 2020 wakulima wa Kibantu wa Lewiston walipatiwa shamba la ekari 107 katika kijiji cha Wales, mwendo mfupi wa gari kutoka mjini. Wanalima kwa vikundi vya ushirika, na zao kubwa ni mahindi magumu ya kusaga, ya kupikia *soor*, ugali wa kwao. Ardhi hiyo imesajiliwa kwa jina walilolitaka: Little Jubba, Juba Ndogo.